SOS sio kifupi cha kitu, na Mayday haijuani na Leba Dei

Swali ni la Mama Shiro wa Donholm: "Kapteni habari, juzi stima ilipotea tukakaa gizani na watoto tukipiga stori za meli, kijana wangu akaniuliza SOS ni kifupi cha nini. Nikamwambia ni okoa roho zetu kwa Kizungu, yeye akasema mwalimu wao amewaambia ni okoa meli yetu. Nani yuko sawa? Na hii Mayday marubani na manahodha wanaitana nayo ina uhusiano gani na Leba Dei? Halafu hizo meli za zamani kabla ya redio zilikuwa zinaitaje msaada?"

Mama Shiro, salama sana. Kwanza usinipandishe cheo bure, mimi sikuwahi kuwa kapteni hata siku moja, nilikuwa mtu wa redio, yule jamaa wa kukaa kwa kachumba kadogo nyuma ya usukani na hedifoni masikioni, chai inapoa hapo kando. Miaka kumi na kitu kwa meli za mizigo, halafu nikarudi Nairobi kutengeneza redio za watu pale Luthuli, vile ilienda nitakwambia huko mbele.

Sasa jibu fupi ndio usitoke mikono mitupu: wewe na mwalimu nyote mmekosa. Hayo ya roho na ya meli yalikuja baadaye, watu waliona herufi tatu wakazitafutia maana, vile tu watu hupenda. Hata herufi zenyewe si herufi vile, ni mdundo. Gonga meza na kidole hapo ulipo: ti-ti-ti taa-taa-taa ti-ti-ti, yote tisa kwa mkupuo mmoja bila kupumua katikati. Ukiigawa hivi inasomeka SOS, lakini ukiigawa vingine, kwa alama za Morse, yaani zile fupi na ndefu za kutuma herufi, mdundo huohuo unaweza kuusoma VTB au IJS. Walichagua tu kuuita SOS sababu ndio rahisi kukumbuka. Na walichagua huo mdundo sababu redio za wakati huo zilikuwa za kelele tupu, meli kumi zinaongea kwa pamoja, mtu amechoka, ni usiku, lazima kitu kikipita hapo katikati hata mwanafunzi wa juzi asikie ashtuke, hicho si maongezi ya kawaida.

Walioanza nao ni Wajerumani, waliuweka kwa sheria zao za redio kuanzia tarehe 1 Aprili 1905. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Berlin kupanga mambo ya redio, mkataba ukasainiwa Novemba 1906 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1908, na SOS ikawa ya dunia nzima. Kwa karatasi. Kwa karatasi tu, sababu Waingereza walikuwa na yao.

Lakini umeuliza pia kabla ya redio, wacha nirudi nyuma kwanza. Wewe umekulia ushago kama mimi, unajua nduru. Nduru ya mwizi ina sauti yake na nduru ya msiba ina yake, na mtu akipiga nduru usiku wewe ukageukia upande ule mwingine wa kitanda ukalala, kesho utaulizwa ulikuwa wapi. Bahari nayo ni hivyohivyo, shida ni kwamba sauti ya mtu haifiki popote. Kwa hiyo walikuwa wanapiga mzinga mmoja, wanangoja kama dakika moja, wanapiga mwingine, wanaendelea hivyo, manake ukiipiga mfululizo watu watadhani ni salamu au ni vita. Au wanawasha pipa la lami hapo kwa sitaha moto uonekane. Wengine waligeuza bendera ya nchi yao juu chini, na hii tulikuwa tunacheka sana darasani, fikiria meli ya Japani na ile bendera nyeupe yenye duara jekundu katikati, geuza ugeuzavyo, nani atajua una shida? Ya Kenya angalau kijani kingepanda juu, lakini kwa mbali, na mvua, na upepo unaikunja, hapana. Ndiyo maana hiyo ya kugeuza bendera haimo kwa orodha rasmi ya leo. Ila mzinga umo! Nakwambia kweli, sheria za kimataifa za kuzuia meli kugongana mpaka leo zinataja mlipuko wa kila baada ya kama dakika moja, na moto wa pipa la lami, na bendera ya ishara ya herufi N juu ya ile ya herufi C, na hata kunyoosha mikono yote miwili ukiinua na kushusha polepole, kama ndege mkubwa anayejaribu kuruka. Hiyo ya mikono wafundishe watoto, ni ya bure.

Usiku ndio ulikuwa na tabu zaidi, na hapo kuna mama mmoja Mmarekani lazima nimtaje, Martha Coston. Alifiwa na mume akiwa na miaka 21 na watoto wadogo, akapata kwa makaratasi ya marehemu mpango wa fataki za kuashiriana usiku, lakini mpango wenyewe haukuwa unafanya kazi, ulikuwa wazo tu. Alihangaika na wataalamu wa kemia karibu miaka kumi mpaka akapata rangi zinazong'aa vya kutosha kuonekana mbali, nyeupe, nyekundu na kijani. Hati ya uvumbuzi ikatoka mwaka wa 1859, na unajua aliyeandikwa kama mvumbuzi ni nani? Mume. Marehemu. Yake mwenyewe kwa jina lake alikuja kuipata 1871. Lakini jeshi la maji la Marekani lilizinunua, na watu wa uokoaji pwani wakazitumia miaka mingi.

Haya, redio ikaja. Mwaka wa 1899 meli-taa iliyokuwa imeegeshwa kule Goodwin kwa pwani ya Uingereza, ile ya kuonya wengine wasipande kwa mchanga, iliita msaada kwa redio mara mbili ndani ya miezi michache, mara ya kwanza kwa niaba ya meli nyingine iliyokwama, mara ya pili ni yenyewe imegongwa. Lakini ishara maalum bado haikuwepo. Kampuni ya redio ya Marconi ndiyo iliyotoa amri kwa maopareta wake, kuanzia tarehe 1 Februari 1904 mwenye shida atume CQD. Hiyo CQ ilikuwa inatumika kwa simu za waya za nchi kavu, maana yake "sikilizeni vituo vyote", wakaongeza D ya hatari. Hapo pia watu wakaitafutia maneno yake ya Kizungu ya njoo mbio kuna hatari, ni uongo uleule wa roho zetu.

Na CQD ilifanya kazi msidharau. Januari 1909 meli ya Republic iligongwa na nyingine kwa ukungu karibu na Nantucket, kijana wa redio anaitwa Jack Binns akatuma CQD masaa na masaa kwa baridi kali, chumba chake kimebomoka upande, na zaidi ya watu 1,500 wa hizo meli mbili wakaokolewa. Alikuwa supastaa New York. Sasa ukiwa umefanya kazi ya Marconi na CQD inakuletea sifa hivyo, utaacha utumie ya Wajerumani? Ndio maana miaka minne baada ya ule mkataba kuanza kazi, opareta wa Titanic, Jack Phillips, alianza na CQD. Mwenzake Harold Bride alisimulia baadaye kwamba ni yeye aliyemtania Phillips ajaribu SOS, ni mpya, na pengine hatapata nafasi nyingine ya kuituma. Phillips hakupata kweli.

Lakini kwa Titanic watu wanapenda kusimulia vile ilivyoita. Mimi kwa vile nilikuwa upande wa kusikiliza, stori ninayoiona ni ya masikio. Hebu tazama masaa. Tarehe 14 Aprili 1912, kama saa tano usiku, opareta wa meli ya Californian, kijana anaitwa Cyril Evans, anamwambia Phillips sisi tumesimama, barafu imetuzunguka. Phillips ana rundo la meseji za abiria matajiri za kutuma nchi kavu, anamjibu nyamaza, niko na kazi. Evans yuko peke yake kwa hiyo redio tangu asubuhi, hakuna wa kumpokea zamu, kama saa tano u nusu anazima mashine analala. Saa tano na dakika 40 Titanic inagonga barafu. Dakika kumi hivi, Mama Shiro! Ni kama umefunga duka, umefika tu kona ya kwanza, mteja wa maisha yako anabisha mlango.

Halafu inakuja sehemu inayoniuma zaidi. Titanic ilirusha roketi nyeupe, kama nane hivi, na mabaharia wa Californian WALIZIONA. Waliziona kwa macho yao, wakamwambia kapteni wao amelala kwa kiti, akauliza kama ni ishara za kampuni, manake siku hizo kampuni za meli zilikuwa na fataki zao za kujitambulisha usiku, hii rangi ni ya fulani, hii ya fulani. Wakajaribu kuwasha taa ya Morse, hawakujibiwa. Hakuna aliyeenda kumwamsha Evans mpaka alfajiri. Kijana amelala hatua chache kutoka hapo na mashine inayoweza kuwaambia kila kitu. Leo roketi ya hatari baharini ni ya nyota nyekundu, na nyekundu haitumiki kwa mchezo.

Carpathia nayo, meli iliyokuja kuwaokoa, ilisikia kwa bahati tu. Opareta wake Harold Cottam alikuwa ameshaanza kuvua nguo alale, hedifoni bado iko kichwani sababu kuna jibu la meli nyingine alikuwa analingoja. Angeng'oa hedifoni dakika chache mapema basi. Walikuwa maili 58 za baharini, kama kilomita 107 hivi, weka kutoka hapa Nairobi kupita Naivasha, na wakafika kama saa kumi alfajiri wakaokota watu zaidi ya 700. Kama 1,500 walikuwa wameshakufa kwa baridi na maji.

Kwa hiyo mataifa walipokutana London, wakasaini mkataba wa usalama wa maisha baharini Januari 1914, shida haikuwa ni ishara gani tupige, ishara ilikuwepo, shida ilikuwa nani ako macho. Wakaanza kulazimisha meli ziwe na zamu ya kusikiliza saa 24. Na wajibu wa nahodha kwenda kusaidia ulikuwa umeshaandikwa kwa mkataba wa Brussels wa 1910, kwamba mtu akiwa hatarini baharini unamsaidia hata kama ni adui yako, ilmradi usihatarishe meli yako na watu wako. Ni ileile ya nduru na kitanda, sema hii imesainiwa.

Ninayo saa moja ya ukutani niliibeba kutoka kwa meli ya mwisho, wajukuu wangu wanadhani ni pambo. Ukiitazama vizuri ina vipande vinne vimepakwa rangi kama vipande vya pizza: vyekundu viwili, kutoka dakika ya 15 hadi 18 na kutoka 45 hadi 48, na vya kijani viwili, dakika ya 0 hadi 3 na 30 hadi 33. Mshale wa dakika ukiingia kwa nyekundu, kila meli duniani iliyokuwa kwa masafa ya kilohezi 500 ilikuwa inaacha kutuma. Kila moja. Unanyamaza na kusikiliza dakika tatu, labda kuna mnyonge mwenye betri inayokufa anayeita kwa sauti ndogo. Za kijani zilikuwa za masafa ya sauti ya mdomo, kilohezi 2182. Sasa wewe chukua kelele ya Muthurwa saa kumi na mbili jioni, makanga, mama wa mitumba, spika za wahubiri, halafu yote ikatike ghafla, puu, unabaki unasikia mvumo tu wa mbingu. Mara mbili kila saa, usiku na mchana. Mimi nimefanya kazi nyingi lakini sijawahi kuona kitu binadamu wamekubaliana vizuri hivyo, Warusi na Wamarekani wakiwa hawasalimiani lakini dakika ya 15 ikifika wote kimya.

Na kwa meli zilizokuwa na opareta mmoja tu kama ya Evans, wakaweka kengele. Kabla ya SOS ulikuwa unatuma mistari mirefu 12, kila mmoja sekunde 4, nafasi ya sekunde 1 katikati, yaani dakika nzima. Kwa meli zingine kulikuwa na kimashine cha kuhesabu hiyo mistari peke yake, kikiitambua kinapiga kengele mpaka kitandani kwa opareta. Hiyo kengele, Mama Shiro, mara nyingi ilikuwa ni radi tu imeidanganya, lakini hakuna siku niliisikia nikakosa kuruka.

Mayday sasa, hii ni fupi. Watu walipoanza kuongea kwa mdomo kwenye redio, SOS ikawa shida, herufi ya S kwa spika mbaya inasikika kama F, huelewi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 afisa wa redio wa uwanja wa ndege wa Croydon, London, anaitwa Frederick Mockford, aliombwa atafute neno ambalo rubani na watu wa chini wote wataelewa. Ndege nyingi pale zilikuwa za kwenda na kurudi Le Bourget, Paris, kwa hiyo akachukua Kifaransa cha "nisaidie", m'aider, Mwingereza akilitamka linatoka Mayday. Mkutano wa Washington wa 1927 ukalipitisha. Na Leba Dei, ambayo kwa Kizungu huitwa pia May Day, hawana undugu wowote, zinafanana jina tu kama Kamau wawili kwa matatu moja. Linasemwa mara tatu, halafu jina la meli mara tatu, halafu uko wapi, una shida gani, mko wangapi. Ukitaja shida kabla ya mahali na redio ikazima, watajua unazama lakini hawatajua wapi.

Kuna kitu bado, na hiki kinatugusa. Februari 1944 meli ya askari inaitwa Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ndani kuna mamia ya vijana wa Afrika Mashariki wa kikosi cha mizinga, na wauguzi wanawake pia. Tarehe 12 karibu na Maldives nyambizi ya Japani ikaipiga torpido, ikazama kwa kama dakika 2. Zaidi ya watu 1,200 wakaenda nayo. Ilikuwa kwa msafara, wenzake waliiona, lakini uliza kama ingekuwa peke yake. Kwa hizo dakika 2, ile mistari 12 peke yake inakula nusu yake.

Dawa ya hiyo ndio ilikuja na satelaiti. Marekani, Kanada, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti walishirikiana, hao maadui wa vita baridi, na 1982 satelaiti ya kwanza ikaruka. Meli inabeba boya la dharura tunaliita ipabu, limefungwa nje kwa sitaha. Meli ikizama, kabla ya kufika mita 4 chini presha ya maji inakata kifungo, boya linajinyanyua lenyewe na kuanza kuita mbinguni kwa megahezi 406, likitaja namba yake, na betri inashika angalau masaa 48. Hakuna haja ya mtu kuwa hai. Kwa redio nayo kuna kitufe chekundu chini ya kifuniko, unakibonyeza na kukishikilia sekunde chache, kinatuma namba ya meli yako ya tarakimu 9, za Kenya zinaanza na 634, pamoja na mahali ulipo. Kwa upande wetu kuna kituo cha uokoaji Mombasa tangu 2006.

Huo mpango mpya ulikamilika tarehe 1 Februari 1999, na ndio ulionirudisha Luthuli, manake meli haikuhitaji tena mtu wa Morse. Kampuni iliniandikia barua ya mistari minne, sikuona asante hata moja. Wafaransa walifunga Morse yao 1997 kwa heshima kidogo, walituma kwamba huu ni mwito wetu wa mwisho kabla ya kunyamaza milele. Mimi niliondoka na saa ya ukutani.

Lakini boti ya mbao ya Ziwa Victoria haina ipabu, na ile mtapanda Desemba kule Lamu pia pengine haina. Kwa hiyo mkienda: uliza laifu jaketi kabla ya kulipa, na mvalishe kijana wako hata akilalamika joto. Simu itie kwa mfuko wa plastiki ufunge vizuri, mwachie mtu wa nchi kavu jina la boti na saa mnayorudi. Tochi ikiwepo mdundo ni uleule, fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu, unapumzika, unarudia, afanye mazoezi stima ikipotea tena hapo Donholm, mtu wa ploti ya ng'ambo akijibu mnipigie simu. Na ile filimbi ndogo iliyofungwa kwa jaketi begani isikatwe na watoto wakaichezea, mwambie asipige kelele na mdomo, koo litaisha kwa nusu saa, apulize filimbi, aache kidogo asikilize, apulize tena.